Geukia Bara: Mzunguko wa Jilore, Kati ya Arabuko-Sokoke na Mto Sabaki

Kila mwaka upepo wa kaskazi ukishika, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Maji yaliyokuwa ya samawati huwa ya kahawia, na wimbi linapovunjika huacha tope jekundu mchangani. Mgeni aliyekuja kuogelea huuliza kuna nini, na mwenyeji humwambia kwamba ni Mto Sabaki. Mto huo huingia baharini kaskazini kidogo mwa mji, na kaskazi huyasukuma maji yake kusini hadi mbele ya mahoteli. Kusi ikianza kuvuma, maji hayo huelekea upande wa Ghuba ya Ungwana, na Malindi hupata nafuu.

Jibu la mwenyeji ni la kweli, ila ni mwanzo tu wa habari. Tope lile limesafiri kutoka mbali, na kipande cha mwisho cha safari yake mtu anaweza kukifuata kwa miguu katika siku moja. Magharibi mwa mji, kusini mwa mto, kuna mahali paitwapo Jilore. Hapo Msitu wa Arabuko-Sokoke hufikia mpaka wake wa kaskazini, na chini yake ndipo lilipo bonde la Sabaki. Mtu akiingia msituni alfajiri, akateremka kwa njia za mashambani hadi ziwani na mtoni, kisha akapanda kwa njia nyingine mpaka alikoanzia, atakuwa ameuona msitu, mto na watu wa hapo kwa mpangilio unaoeleweka. Makala haya yanamsihi msomaji, hasa Mkenya anayekuja Malindi kwa mapumziko, aipe bahari mgongo kwa siku moja na kuufanya mzunguko huo.

Msituni kabla ya jua kali

Jilore hufikiwa kwa barabara itokayo Malindi kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Kwenye kituo cha misitu ndipo pa kujiandikisha, kulipa ada na kupata mwongozaji. Usimkatae mwongozaji hata kama umezoea kutembea porini. Msitu huu una tembo, njia zake zinafanana, na mambo mengi yaliyomo huonekana tu na jicho lililokulia hapa.

Arabuko-Sokoke una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake, yaani misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo zamani ilienea kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wake mwaka 1932. Leo unasimamiwa kwa pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Taasisi ya Utafiti wa Misitu na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 2019 uliunganishwa na hifadhi ya viumbe ya Malindi na Watamu inayotambuliwa na UNESCO, ambayo hapo awali ilikuwa ya upande wa bahari tu.

Anayeuvuka kutoka mashariki kwenda magharibi hupita katika misitu mitatu ndani ya mmoja. Upande wa bahari, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 1,000, kuna mchanganyiko wa miti mikubwa, ikiwemo mbambakofi na msandarusi. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, husimama mrihi, mti mrefu unaoachiana nafasi na wenzake kiasi kwamba jua hufika chini na nyasi huota. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, mvua hupungua hadi karibu milimita 600, na hapo mfunda hushikana hata mtu asiweze kupenya pasipo njia. Jilore ni ya upande wa ukavu. Atakayetazama chini anapotembea ataona udongo ukibadilika rangi, na muda si mrefu ataona kwamba miti nayo imebadilika.

Saa ya kwanza asubuhi ni ya ndege. Hondohondo hupiga kelele juu ya mirihi, na makundi ya ndege wadogo hupita yakichambua majani kutafuta wadudu. Katika makundi hayo ndimo anamotafutwa kwera wa Clarke, ndege wa manjano na nyeusi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa ndani ya Kaunti ya Kilifi. Anaishi hapa na katika misitu ya Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki. Kwa miaka mingi hakuna mtaalamu aliyejua anakotaga. Ilikuwa mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipoonekana, katika kinamasi kimoja cha Dakatcha. Kwa hiyo ndege anayeutia fahari msitu huu anahitaji pande zote mbili za mto, na bonde tunaloliendea liko katikati ya makazi yake.

Kwenye vichaka vya mfunda hulala kibundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 au 17 hivi. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wekundu. Wanasayansi walimfahamu kutoka katika msitu huu miaka ya 1960, na mbali na pwani hii amepatikana katika misitu iliyo chini ya milima ya Usambara nchini Tanzania. Mchana hujibana kwenye kitawi asitikisike, na mgeni asiye na mwongozaji aweza kupita karibu naye bila kumwona.

Chini, majani makavu yakichakarika, simama. Huenda ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu myembamba, ambaye anapokimbia huonyesha manyoya ya rangi ya dhahabu nyuma yake. Msitu huu ndio makao yake makubwa yaliyobaki. Kwa umbo anakaribia panya, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo. Wote wawili wanaishi hapa, na njia moja yaweza kukuonyesha kinyesi cha mmoja na nyayo za mwingine. Yumo pia paa nunga, swala mdogo mwekundu ambaye Wazanzibari wanamjua kutoka Jozani, na ambaye amebaki katika maeneo machache mno duniani.

Watu wa ukingoni

Msitu wenye viumbe adimu kiasi hiki umezungukwa na vijiji ambavyo vingi havina kipato cha uhakika. Hili ndilo jambo la pili ambalo mzunguko wa Jilore hulionyesha, na linaanza hata kabla hujatoka chini ya miti. Utakuta visiki. Baadhi ni vya muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri, uliopendwa na wachonga vinyago kiasi kwamba muhuhu mkubwa sasa hauonekani ovyo. Vingine ni vya miti ya kujengea au ya kuchomea makaa.

Kuwafukuza watu hakujawahi kuuokoa msitu huu. Kilichosaidia ni kuwapa sababu ya kuutaka ubaki. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo wenye makao yake Gede. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo kwa majani ya mimea ya msituni, na vipepeo hao, wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, husafirishwa kwa ndege hadi maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mkulima anayeuza vipepeo anauhitaji mti ukiwa umesimama. Wapo pia wafugaji wa nyuki, na wapo wazazi wanaolipiwa karo za watoto wa sekondari kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya, ambao hutumia mapato ya utalii, yakiwemo ya daraja la mbao la kupitia mikoko ya Hori ya Mida. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyoirithi, zimewaruhusu wanavijiji kuunda vyama vya jamii vya misitu na kushiriki katika usimamizi. Mwongozaji anayekutangulia njiani ni mmoja wa wanaoishi kwa msitu uliosimama, na ada unayomlipa inaingia katika hesabu hiyohiyo.

Unapotoka msituni utaukuta uzio wa umeme. Zamani tembo wa Arabuko-Sokoke waliteremka hadi Sabaki kunywa maji, na walikuwa na njia za kuelekea Galana na Tsavo. Mashamba yalipoongezeka katikati, usiku mmoja wa tembo uliweza kumaliza mahindi ya msimu mzima, na watu walipoteza maisha. Uzio umempunguzia mkulima hofu na hasara. Umewaacha tembo pia bila ile njia ya mtoni, na ndiyo maana mabwawa ya ndani ya msitu yana thamani kubwa wakati wa kiangazi. Ni suluhisho lenye gharama kwa kila upande, na anayelipita kwa miguu huielewa gharama hiyo kuliko anayeisoma.

Baada ya uzio njia hupita katikati ya mashamba ya Wagiriama. Kuna mahindi, mihogo, kunde na pojo, na juu yake miembe na mikorosho. Safu za mvinje zilizopandwa mipakani zina maana kubwa kwa msitu uliouacha nyuma, kwa kuwa mti huo hukua haraka na kutoa nguzo za kujengea ambazo bila yake zingekatwa msituni. Ukipita karibu na mji wa mtu, piga hodi na usalimie. Wazee huamkiwa kwa shikamoo, na mara nyingi utakaribishwa ukae kivulini upewe maji kabla hujaulizwa unatoka wapi.

Katika baadhi ya miji ya Wagiriama husimamishwa vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima ya marehemu waliokuwa katika chama cha Gohu. Usiziguse, na usizipige picha bila ruhusa. Vigango vingi vya pwani hii viliibwa na kuuzwa kwa watalii na makumbusho ya ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, baada ya familia iliyoibiwa kusubiri zaidi ya miaka 20. Mgeni mwenye adabu anapopita hapa anasaidia kuiponya dharau hiyo ya zamani.

Bonde lenye historia ya kukimbilia na kukataa

Kutoka mashambani ardhi huanza kuteremka, na bonde huonekana lote: ukanda wa kijani, migomba, na mto wa kahawia ukijipinda katikati. Chini ya Jilore kuna ziwa linaloitwa kwa jina hilohilo, ambalo wingi wa maji yake hutegemea mvua na mafuriko ya Sabaki. Likiwa na maji ya kutosha, furukombe hukaa juu ya miti ya ukingoni akivizia samaki, na yangeyange husimama majini kwa utulivu. Usikaribie maji bila kumuuliza mwenyeji. Sabaki una mamba na viboko, na wanaochota maji hapa wanajua mahali pa kusimama na saa za kuepuka.

Hapa panafaa kupumzika, na pia panafaa kukumbuka. Malindi ilipofufuka chini ya Masultani wa Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19, utajiri wake ulitokana na mtama na nafaka nyingine zilizolimwa na watumwa katika mashamba makubwa ya kuuzunguka mji. Waliofanikiwa kutoroka walikimbilia bara. Misitu na mabonde ya nyuma ya Malindi, pamoja na bonde hili la Sabaki, yalipata vijiji vya watoro waliolima wenyewe na kujilinda wenyewe. Wamisionari wa Kianglikana nao walifungua kituo Jilore kabla ya karne hiyo kwisha. Kwa watoro hao kichaka kilikuwa maficho na mto ulikuwa riziki.

Wagiriama, ambao asili yao ilikuwa katika kaya, vijiji vya kale vilivyozungukwa na msitu, kusini zaidi, walisogea kaskazini na kuuvuka Sabaki katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Walilikuta bonde lenye rutuba, wakawa wakulima wakubwa wa nafaka waliouza mazao yao Malindi. Serikali ya Uingereza iliyataka mambo mawili kutoka kwao: kodi ya nyumba, na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na ya pwani. Mkulima mwenye ghala lililojaa hakuwa na sababu ya kwenda kuwa kibarua, na watawala walilijua hilo. Ndiyo maana waliamuru Wagiriama wote wahame ukingo wa kaskazini wa mto na kurudi kusini, kwenye ardhi kavu zaidi.

Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliliona hilo mapema. Mwaka 1913 alizunguka kijiji hadi kijiji, akitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya watu, akawalisha viapo vya kutoshirikiana na serikali. Alikamatwa mwaka huohuo pamoja na mzee Wanje wa Madorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mapema mwaka 1914 walitoroka wakarudi nyumbani, safari ya mamia ya kilomita. Agosti mwaka huo Waingereza walilipua Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, kwa baruti, na vita vikaanza. Nyumba kwa maelfu zilichomwa, watu waliuawa, na waliobaki walitozwa faini ya rupia 100,000. Ukingo wa kaskazini uliondolewa watu. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ilikubali kwamba hatua ile haikumnufaisha yeyote, na Wagiriama wakarudi ng'ambo. Mekatilili amezikwa Bungale, Magarini, kaskazini mwa mto ambao watu wake walikatazwa kuuvuka, na sanamu yake imesimamishwa Malindi mjini.

Ukiwa umeketi chini ya mkwaju ukitazama ng'ambo, historia hiyo haihitaji ramani. Unauona uzuri wa ardhi iliyogombewa, na unaona kwamba mashamba ya pande zote mbili leo yanalimwa.

Mto unaobeba nchi nzima

Sasa yatazame maji yenyewe. Sabaki ni sehemu ya mwisho ya mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Juu unaitwa Athi, na hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na uchafu wa jiji. Hupita Ukambani, kwenye miteremko ambayo mvua kubwa huichuna. Ukikutana na Mto Tsavo, unaoleta maji masafi ya chemchemi za Mzima, unabadilika jina na kuwa Galana, na unapokaribia pwani unakuwa Sabaki. Tope unaloliona Jilore, kwa hiyo, lina mchango wa mikoa ambayo wengi wa wakazi wake hawajawahi kuiona bahari.

Bahari imeweka kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka, kama pete za mti, na katika kila tabaka hubaki chembechembe za kilichokuwemo majini. Watafiti walipima madini ya bari, ambayo hufika baharini pamoja na udongo. Kwa miaka 200 ya mwanzo kiwango kilikuwa cha chini na hakikubadilika sana. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20, wakati ukulima wa kikoloni ulipopanuka katika nyanda za juu, kilianza kupanda, na kikaongezeka zaidi baada ya uhuru kadiri miteremko ilivyozidi kulimwa. Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoundwa mwaka 1968, yanalipa deni la mashamba yaliyo mamia ya kilomita kutoka hapo.

Mto huohuo unawanywesha watu wa pwani. Juu ya Jilore, huko Baricho, visima vimechimbwa katika mchanga wa kandokando ya Sabaki. Mchanga huchuja maji, na mabomba huyapeleka Malindi, Kilifi na hadi upande wa Mombasa. Bomba likipasuka au mitambo ikisimama, miji ya pwani hubaki na madumu matupu. Mtalii anayeoga katika hoteli ya ufukweni na mama anayechota maji Jilore wanatumia mto mmoja, na ni mmoja tu kati yao anayeuona.

Mto una hasira pia. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, yale ya mwaka 2018, na yale ya mwisho wa mwaka 2023 yaliwahamisha watu wa mabondeni na kuyazamisha mashamba. Wenyeji huyaogopa mafuriko na papo hapo hutegemea rutuba yanayoiacha. Tatizo ni kwamba ukingo unaolimwa hadi majini hauna mizizi ya kuushika. Palipobakizwa miti, ukingo umesimama. Palipofyekwa, mto umemega kipande baada ya kipande, na mkulima amepoteza shamba pamoja na mazao.

Kupanda tena

Safari ya kurudi ndiyo yenye somo kubwa. Chagua njia tofauti na uliyoshukia, upande mteremko taratibu jua likiwa limeanza kulegea. Kwenye mashamba yasiyo na matuta utaona makorongo yaliyochimbwa na mvua, mengine marefu kuliko mtu, yote yakielekea mtoni. Kisha vuka uingie tena msituni. Mteremko hubadilika kidogo tu, na mvua inayonyesha ni hiyohiyo. Lakini chini ya miti hakuna korongo. Majani makavu hulipokea tone, mchanga hulinyonya, na maji huingia ardhini badala ya kukimbia na udongo.

Somo hili nimelisoma vitabuni na nimelisikia katika mikutano ya wataalamu, na hakuna lililonishawishi kama kuziona pande hizo mbili katika asubuhi na jioni ya siku moja. Msitu wa Arabuko-Sokoke hauwezi peke yake kuyasafisha maji ya Sabaki, kwa sababu tope jingi linatoka mbali. Unachofanya ni kuonyesha, mbele ya macho yetu, namna ardhi yote ya bonde hili inavyoweza kutunzwa: miti ukingoni, matuta mashambani, na kipande cha msitu juu ya mteremko. Anayeishi Machakos au Thika atakayefika hapa atarudi nyumbani akilitazama shamba lake kwa jicho jingine.

Saa ya mwisho kabla ya giza, kama mwongozaji na askari wa misitu wamekuruhusu, subiri karibu na vichaka vya mfunda. Kibundi wa Sokoke huanza kuita giza linapoingia, mlio mwembamba unaorudiwarudiwa, na mwingine humjibu kutoka mbali.

Ukitaka kwenda

Miezi mizuri ni Januari hadi mwanzo wa Machi, njia zikiwa kavu, na tena Julai hadi Septemba, hewa ikiwa na ubaridi. Masika, kuanzia Aprili, huifanya njia ya bondeni kuwa ya utelezi na mto kuwa wa hatari, na vuli ya Novemba inaweza kufanya hivyo pia. Uliza kituoni hali ya mto kabla ya kuteremka. Anza mapema ili sehemu ya wazi isikukute na jua la mchana. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, chakula, na viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya miiba na siafu. Vaa nguo za heshima, maana unapita majumbani mwa watu. Usitoke na kitu msituni, hata ganda la mbegu. Nunua maembe, asali au mboga kwa wenyeji, na umlipe mwongozaji mliyokubaliana bila kumpunguzia. Ukibakiwa na siku nyingine, tembelea mji wa kale wa Gede, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na ambao umezungukwa na msitu wake mdogo.

Ninayo maombi matatu. Kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi na wasimamizi wa msitu: mzunguko huu uwekewe vibao, ramani na mahali pa kupumzika ukingoni mwa bonde, na waongozaji wa Jilore wapewe mafunzo na matangazo sawa na yale yanayopewa ufukwe. Kwa wenye hoteli za Malindi na Watamu: wageni wenu wanywapo maji yenu, waelezeni yanakotoka, na wapangieni siku moja ya kwenda kupaona. Kwa walimu wa Malindi, Magarini, Ganze na Kilifi: mtoto anayesoma jiografia na historia ya Mekatilili katika daftari anaweza kuyasoma yote mawili kwa miguu yake, karibu na nyumbani.

Nawe msomaji, wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Likizo ijayo ya Malindi igawie Jilore siku moja. Msitu ulio na wageni wanaoupenda una watetezi, na Sabaki unawahitaji watetezi kuanzia Nairobi hadi baharini.